Jicho na Daftari la Hesabu

Mwaka 1976, mjini Madurai katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, daktari wa macho aliyekuwa amestaafu utumishi wa serikali alifungua hospitali ya vitanda 11. Hakuwa na akiba ya maana, na benki zilikuwa zimemnyima mkopo. Baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole kiasi kwamba mgeni angeona vigumu kuamini kuwa ndivyo vinavyoshika kisu cha upasuaji. Aliitwa Govindappa Venkataswamy, na waliofanya kazi naye walizoea kumwita Daktari V. Alipofariki Julai 7, 2006, vitanda vile 11 vilikuwa vimezaa Aravind, mmoja wa mifumo mikubwa kabisa ya huduma za macho duniani, na sehemu kubwa ya watu waliopasuliwa humo hawakulipa kitu au walilipa kidogo sana.

Habari hii husimuliwa zaidi kama kisa cha huruma. Huruma ilikuwepo kweli, lakini madaktari wenye huruma walikuwepo tangu zamani, na vipofu wakazidi kuongezeka. Watu wa Madurai walijitofautisha kwa jambo jingine. Swali la ugonjwa unatibiwaje na swali la nani atalipa waliyachukua kuwa somo moja. Waliyachunguza pamoja, wakapima, wakachapisha matokeo, wakabadili kazi yao kufuatana na walichokiona. Ndiyo maana historia yao inafaa kusomwa na kila anayejali afya ya maskini.

Ugonjwa wenye tiba

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi ndogo iliyo angavu. Mtu akizeeka, na wakati mwingine kabla ya hapo, lenzi hiyo hupoteza uangavu wake, ikawa na ukungu, kisha ikageuka nyeupe au kahawia. Huo ndio mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha upofu duniani. Hauponi kwa dawa ya matone wala ya kunywa. Huponywa kwa upasuaji tu, na upasuaji wenyewe ni wa muda mfupi.

Katika miaka ya 1980 India ilikadiriwa kuwa na vipofu milioni 12, na takriban asilimia 80 ya upofu huo ulitokana na mtoto wa jicho. Mamilioni ya watu, basi, walikuwa gizani kwa ugonjwa ambao madaktari waliujua na waliweza kuuondoa. Wengi wao waliishi vijijini, na maisha ya kijijini humtaka mtu atumie macho yake kila saa: kupalilia, kuchambua nafaka, kuchota maji, kulea wajukuu. Mzee asipoona, huhitaji mtu wa kumshika mkono. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto aliyepaswa kuwa shuleni, au mkwe aliyepaswa kuwa shambani. Jicho moja likifungwa, mapato ya nyumba nzima hupungua, na nyumba iliyopungukiwa haina fedha za kumpeleka mzee hospitali.

Mkono uliojifunza upya

Venkataswamy alizaliwa Oktoba 1, 1918, katika kijiji cha Vadamalapuram, akiwa mtoto wa kwanza wa familia ya wakulima. Alisoma kemia katika American College ya Madurai, akaendelea na udaktari katika Stanley Medical College mjini Madras, akahitimu mwaka 1944. Alinuia kuwa mkunga bingwa. Ndugu zake wa kike wa ukoo walikuwa wamefariki kwa uzazi, naye alitaka kuzuia vifo vya namna hiyo.

Aliingia jeshini kama daktari. Humo baridi yabisi ilimshambulia vibaya, ikamlaza kitandani kwa muda mrefu, na vidole vikapinda vikabaki hivyo. Mwaka 1948 jeshi lilimruhusu aondoke kwa sababu ya maradhi. Ukunga ulikuwa umempita. Akahamia kwenye macho, akahitimu mwaka 1951, kisha akafanya jambo gumu kuliko masomo yenyewe: aliufundisha mkono wake upya. Alijizoeza kushika vifaa kwa namna ambayo vidole vyake viliiweza, na baadhi ya vifaa vilitengenezwa kufuata umbo la mkono wake. Hatimaye aliweza kupasua wagonjwa hata 100 kwa siku moja, na katika maisha yake alifanya kwa mkono wake upasuaji zaidi ya 100,000.

Mwaka 1956 alichukua uongozi wa idara ya macho katika chuo cha udaktari cha Madurai, akakaa hapo miaka 20. Katika miaka hiyo alizunguka vijijini na kambi za macho. Timu ilifika, ikapiga hema au kutwaa madarasa ya shule, ikapima watu na kuwapasua palepale. Chama cha Uingereza cha vipofu wa Jumuiya ya Madola, kilichoasishwa na John Wilson, mtu aliyepoteza macho akiwa bado mtoto, kilisaidia kugharimia kambi hizo. Baadaye chama hicho kilichukua jina la Sightsavers.

Kambi zilimfundisha mambo mawili. Kwanza, watu wanaohitaji huduma ni wengi kupita hesabu ya serikali yoyote. Pili, kazi inayosubiri mfadhili husimama siku mfadhili asipokuja. Kwa hiyo alipofikia umri wa kustaafu alitafuta namna ambayo hospitali ingejilisha yenyewe.

Vitanda 11 na milango miwili

Benki zilipokataa, familia ilijibeba. Nyumba ziliwekwa rehani, na vito vya wanawake wa familia vikatumika kupata fedha. Mdogo wake wa kike, G. Natchiar, na mumewe, P. Namperumalsamy, wote madaktari wa macho, walijiunga naye. Ndugu yake G. Srinivasan alisimamia ujenzi na matumizi. Hospitali ikapewa jina la Aravind kwa heshima ya Sri Aurobindo, mwanafalsafa wa Pondicherry ambaye mafundisho yake Venkataswamy aliyafuata.

Utaratibu wa fedha ulieleweka kwa urahisi na kutekelezwa kwa shida. Mwenye uwezo alilipa bei ya wastani, bei ambayo hata mfanyakazi wa kawaida wa mjini angeimudu. Asiye na uwezo hakulipa. Ziada iliyotokana na waliolipa iligharimia wasiolipa. Hapakuwa na karani wa kuchunguza nani maskini kweli na nani anajifanya, kwani mgonjwa alichagua mwenyewe mlango wa kuingilia. Waliolipa walipata vyumba vya faragha na vitanda vizuri zaidi, na wasiolipa walilala katika kumbi za pamoja, wengi wakiwa juu ya mikeka. Upasuaji ulikuwa wa aina moja, na madaktari walewale walizunguka pande zote mbili kwa zamu.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichoushikilia mfumo wote. Hospitali ikiwa na madaktari wazuri kwa matajiri na wanafunzi kwa maskini, huduma ya bure hushuka hadhi polepole mpaka watu wakaikimbia. Zamu za pamoja ziliwabana viongozi. Kosa lililofanyika upande wa bure lilikuwa kosa la daktari yuleyule ambaye kesho yake angekuwa upande wa kulipia.

Kufikia mwaka 1981 hospitali kuu ya vitanda 250 ilikuwa imesimama Madurai. Tawi la Theni lilifuata mwaka 1985, Tirunelveli mwaka 1988, Coimbatore mwaka 1997 na Pondicherry mwaka 2003. Upanuzi huo ulitegemea zaidi ziada ya hospitali yenyewe.

Ili ziada ipatikane kwa bei ndogo, gharama ya kila upasuaji ilibidi ishuke bila ubora kushuka. Venkataswamy alivutiwa na migahawa ya McDonald's ya Marekani, akaenda hata kukitazama chuo chao cha mafunzo karibu na Chicago. Alitaka kujua inakuwaje kijana wa kawaida, katika mji wowote, atoe kitu kilekile, kwa kiwango kilekile, kila siku.

Jibu lake lilionekana katika chumba cha upasuaji. Vitanda viwili vya upasuaji vimewekwa sambamba, na hadubini iko katikati juu ya mkono unaozunguka. Mgonjwa wa kwanza yuko chini ya mwanga, ameshapigwa sindano ya ganzi, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu la jicho moja. Kwenye kitanda cha pili mgonjwa anayefuata ameshaoshwa jicho na kuandaliwa, na muuguzi amepanga vifaa kwa mfuatano ambao haubadiliki. Daktari anachana kidogo ukingoni mwa jicho, anatoa lenzi iliyoharibika, anasafisha, anamaliza. Anaizungusha hadubini upande wa pili na kuanza tena, huku wauguzi wakimwinua wa kwanza na kumlaza wa tatu. Daktari hapotezi muda kusubiri. Kwa mpangilio huo daktari mmoja wa Aravind aliweza kufanya upasuaji zaidi ya 2,000 kwa mwaka, mara kadhaa ya wastani wa nchi.

Mzigo mkubwa wa kazi hiyo ulibebwa na wasichana wa vijijini. Hospitali iliwachukua wakiwa wamemaliza shule, ikawafundisha kwa miaka miwili, ikawaajiri. Wao ndio waliopima macho, walioandaa wagonjwa, walioshauri na walioandika kumbukumbu. Daktari, ambaye ni ghali na adimu, aliachiwa yale tu yasiyoweza kufanywa na mwingine. Na kila tatizo lililotokea baada ya upasuaji liliandikwa kwa jina la aliyepasua, ili takwimu zijadiliwe na fundisho lipatikane.

Kwa nini wa bure hawaji?

Utafiti wa Madurai uliingia mapema katika upande wa fedha. Mwaka 1983 Venkataswamy, pamoja na Jonathan Javitt na Alfred Sommer, walichapisha kazi kuhusu faida za kiuchumi na kijamii za kumrudishia mtu macho. Kati ya waliokuwa wamepoteza kazi kwa sababu ya upofu, asilimia 85 ya wanaume na asilimia 58 ya wanawake walirudi kazini baada ya kupasuliwa. Ongezeko la uzalishaji katika mwaka wa kwanza lilikadiriwa kuwa takriban mara 15 ya gharama ya upasuaji. Tangu hapo mtu aliyeiona huduma ya macho kama sadaka tu alikuwa na hesabu ya kujibu.

Hata hivyo, jambo moja liliwasumbua. Upasuaji ulikuwa bure, na bado wengi hawakuja. Ni rahisi kusema watu wa vijijini hawaelewi, au wanaogopa kisu. Timu ya Girija Brilliant na R. D. Thulasiraj, ikishirikiana na shirika la Seva la Marekani, haikuridhika na maneno hayo. Ilichagua vijiji na kuvigawa katika makundi. Baadhi viliahidiwa upasuaji wa bure tu. Vingine viliahidiwa upasuaji pamoja na usafiri na chakula. Njia za kuwaelimisha watu nazo zilitofautishwa. Kuna mahali alipelekwa mtu aliyekwisha kupasuliwa, akabisha hodi nyumba kwa nyumba na kueleza yaliyompata.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Palipolipiwa nauli na chakula watu walijitokeza zaidi, na ushuhuda wa aliyepona ulikuwa na uzito wake. Neno bure, kwa maskini, lilikuwa halijakamilika. Mtu alihitaji nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha siku kadhaa, na msindikizaji ambaye naye angeacha kibarua chake. Kwa familia inayoishi kwa ujira wa siku, hiyo ilikuwa fedha nyingi.

Kambi za Aravind zikafuata njia hiyo. Mfanyabiashara, hekalu au klabu ya Lions ya mahali iligharimia matangazo na maandalizi. Timu ilipima watu siku moja, na waliohitaji upasuaji walipandishwa basi siku hiyohiyo kwenda hospitali, wakalishwa, wakapasuliwa, wakarudishwa kwao, yote bila malipo.

Hata hapo hawakujidanganya kwamba wamemaliza kazi. Mwaka 1999 Astrid Fletcher na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanyika katika eneo la Aravind na kuonyesha kwamba takriban asilimia 7 tu ya wenye matatizo ya macho vijijini walizitumia kambi hizo. Hospitali nyingine ingeficha takwimu kama hiyo. Aravind ilishiriki kuitafuta, kisha ikabadili mkakati. Kuanzia mwaka 2004 ilifungua vituo vidogo vya kudumu vijijini, vinavyoendeshwa na mafundi waliofunzwa, ambako mgonjwa hupimwa kwa ada ndogo na kuzungumza kwa video na daktari aliye mjini.

Lenzi ya Ridley yafika Madurai

Kwa miaka mingi upasuaji wa mtoto wa jicho ulikuwa na kasoro moja kubwa. Lenzi ilitolewa, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Mgonjwa alipewa miwani minene yenye kukuza vitu na kupotosha umbali. Ikivunjika au ikipotea, kama ilivyotokea mara kwa mara, mtu alirudi gizani hata kama jicho lake lilikuwa limepona.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imeanzia London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Harold Ridley aliwatibu marubani waliojeruhiwa, akaona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni havikuzua uvimbe mkali kama ilivyotarajiwa. Novemba 29, 1949, katika hospitali ya St Thomas', alianza kupandikiza lenzi ya plastiki hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Alipingwa na wakubwa wa fani yake kwa miaka mingi kabla dunia haijamkubali.

Kufikia miaka ya 1980 lenzi za ndani zilikuwa jambo la kawaida katika nchi tajiri. Kwa India bei ilikuwa ukuta. Lenzi moja kutoka nje iligharimu dola 100 hivi au zaidi, mara nyingi ya gharama ya upasuaji wenyewe. Wataalamu wengi wa afya ya umma walishauri kwamba maskini waendelee na miwani minene, kwa hoja kwamba fedha ya lenzi moja ingepasua watu kadhaa. Hoja hiyo ilisikika ya busara, nayo ilikuwa inawagawa binadamu katika daraja mbili za kuona.

Madurai ilijibu pande mbili. Kwa upande wa tiba, wagonjwa 3,400 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapasuliwa kwa njia ya zamani na kupewa miwani, nusu wakawekewa lenzi. Matokeo ya utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1998 kwa jina la mji wa Madurai, yalionyesha waliowekewa lenzi wakiona vizuri zaidi na kuishi vizuri zaidi, bila hatari ya ziada iliyohofiwa.

Kwa upande wa fedha, mwaka 1992 walianzisha kiwanda cha Aurolab, kwa msaada wa Seva, Sightsavers na wengineo, na kwa juhudi ya David Green, Mmarekani aliyejitolea kuhakikisha teknolojia inapatikana na wafanyakazi wanafunzwa. Wanawake vijana kutoka vijijini wakawa mafundi wa lenzi za ukubwa wa milimita chache. Bei ilianza karibu na dola 10, kisha ikaendelea kushuka, na lenzi zikauzwa katika nchi zaidi ya 100. Hoja ya kwamba lenzi ni ya matajiri ikafa.

Wakati huohuo serikali ya India ilichukua mkopo wa zaidi ya dola milioni 100 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya mtoto wa jicho. Mradi huo ulianza mwaka 1994 katika majimbo saba, na ulisukuma upasuaji utoke kwenye mahema uingie hospitalini, na lenzi ichukue nafasi ya miwani minene. Fedha kubwa ilikuta njia iliyokwisha kupimwa.

Kiwanda nacho kilirudi kuwa chombo cha utafiti. Usaha ndani ya jicho baada ya upasuaji ni nadra, lakini ukitokea unaweza kulipofusha jicho kwa siku chache. Aurolab ilitengeneza kwa bei nafuu dawa ya moxifloxacin ya kudungwa ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji. Mwaka 2017 Aravind Haripriya, David Chang na R. D. Ravindran walichapisha uchambuzi wa upasuaji 600,000: maambukizi yalishuka kutoka asilimia 0.07 hadi 0.02. Ni hospitali chache sana duniani zingeweza kujibu swali hilo, kwa sababu ugonjwa adimu huhitaji wagonjwa wengi mno ili tofauti ionekane. Wingi uliopunguza gharama ndio uliozaa elimu, na elimu hiyo sasa inawalinda hata wagonjwa wa nchi tajiri.

Nakuru, Kilimanjaro na Yaoundé

Mwaka 1992 ulileta pia LAICO, taasisi ya mafunzo iliyojengwa Madurai kwa msaada wa klabu za Lions. Hospitali za nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, zilipeleka huko si madaktari tu, bali mameneja, wahasibu na wauguzi, wajifunze kwa pamoja namna ya kupanga kazi na kusoma vitabu vyao vya mapato.

Afrika Mashariki ilitoa ushahidi wake. Katika wilaya ya Nakuru nchini Kenya, Hannah Kuper, Sarah Polack, daktari bingwa Wanjiku Mathenge na wenzao walilinganisha watu wenye mtoto wa jicho na wazee wa rika lao wanaoona vizuri. Utafiti huo ulifanyika pia Bangladesh na Ufilipino. Mwaka 2008 walionyesha kwamba nyumba za wasioona zilikuwa na matumizi madogo kwa kila mtu. Baadaye waliwafuata waliopasuliwa. Mwaka mmoja baada ya upasuaji matumizi ya nyumba hizo yalikuwa yamepanda na kuzikaribia za majirani, na wazee wenyewe walitumia saa nyingi zaidi katika kazi zenye tija. Yale ya Madurai ya mwaka 1983 yalipata nguvu mpya, safari hii kukiwa na kundi la kulinganisha nalo.

Mkoani Kilimanjaro, kituo cha macho ya jamii cha Moshi, kilichoanzishwa na Paul Courtright na Susan Lewallen, kilichunguza kwa nini wazee wa Tanzania hawaendi kupasuliwa. Walikuta kwamba uamuzi ni wa familia. Mzee hapendi kuwa mzigo, hunyamaza, watoto wanaoweza kulipa wako mbali au hawajakubaliana, miezi inapita. Hapo tunaona kwamba utaratibu wa Madurai hauhamishiki mzimamzima. Tamil Nadu ina watu wengi waliokaa karibu karibu, na hospitali ya wagonjwa wengi hupata wagonjwa wake kwa umbali mfupi. Mkoa wenye vijiji vilivyotawanyika unahitaji hesabu yake, yenye nauli kubwa zaidi na mazungumzo ya ukoo ndani yake.

Nchini Kamerun jaribio la fedha lilikwenda mbali zaidi. Hospitali ya macho iliyofunguliwa mjini Yaoundé mwaka 2017 ilijengwa kwa kufuata mfano wa Aravind. Hospitali ya namna hiyo hupata hasara miaka ya mwanzo, kwa kuwa majengo na mishahara huanza siku ya kwanza, na wagonjwa huja polepole. Hapo ndipo nyingi hufa. Mwaka 2018 ilipata mkopo wa dola milioni 2 kwa utaratibu wa hati fungani ya kijamii, lengo likiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hadi 18,000 katika miaka mitano. Wawekezaji walitoa fedha mwanzoni. Taasisi ya Conrad N. Hilton, Fred Hollows Foundation na Sightsavers ziliahidi kulipa kwa kufuata matokeo yaliyothibitishwa: idadi ya upasuaji, ubora wake, na hospitali kuweza kujitegemea.

Utaratibu huo umebadili kitu muhimu. Zamani mfadhili alilipia vitanda, magari na semina, akitumaini macho yatafunguka. Sasa analipia macho yaliyofunguka. Una gharama zake: wanasheria, wakaguzi, vikao virefu kabla mgonjwa wa kwanza hajalazwa. Kwa hospitali ndogo gharama hizo zinaweza kuwa kubwa kuliko faida. Lakini unawalazimisha wote kukubaliana mapema nini kitaitwa mafanikio.

Utafiti nao umeendelea kupita mtoto wa jicho. Nathan Congdon na wenzake waliwapa miwani wachuma chai wa Assam wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ambao macho yao yalikuwa yameanza kushindwa kuona karibu. Mchuma chai hupimwa kwa kilo, kwa hiyo tija yake iko wazi kwenye mizani. Katika matokeo ya mwaka 2018, waliopewa miwani waliwazidi wenzao kwa takriban asilimia 21.7 katika kuongeza mavuno. Mwaka 2024 utafiti mwingine wa Bangladesh ulionyesha mapato ya waliopewa miwani ya kuonea karibu yakipanda kwa asilimia 33.4 ndani ya miezi minane. Miwani hiyo ni ya bei ndogo kabisa, na bado haijawafikia mamilioni ya mafundi cherehani, wasuka mikeka na wakulima wanaoihitaji.

Tulichoachiwa

Venkataswamy hakugundua upasuaji mpya, na lenzi haikuwa ya kwake. Urithi wake ni namna ya kufikiri, uliobaki katika makala za kitabibu na za kiuchumi zilizoandikwa na watu walioketi meza moja. Hospitali yake ilipata tuzo ya Gates ya afya ya dunia mwaka 2008 na ya Hilton mwaka 2010, na vyuo vya biashara vya Marekani vinaifundisha. Mimi ningependa ifundishwe zaidi hapa kwetu.

Vyuo vyetu vikuu bado vinawaweka mbali wanaosoma tiba na wanaosoma fedha. Daktari wa macho humaliza ubingwa wake bila kujua upasuaji mmoja unagharimu kiasi gani katika hospitali yake. Mhasibu wa hospitali hustaafu bila kuingia wodini kumwona mtu akifunguliwa bandeji. Kati yao wawili kuna bibi wa kijijini ambaye ugonjwa wake una tiba, ila nauli, msindikizaji na bei havijapangwa na yeyote. Kambi ya macho ikitangazwa, tuulize wangapi wanaona vizuri baada ya wiki nane, nani alilipa nauli yao, na mwakani mfadhili asiporudi nani ataendelea. Hospitali inayoweza kujibu maswali hayo matatu kwa takwimu zake yenyewe imeshaanza kazi iliyofanyika Madurai. Isiyoweza ianze kuandika leo, maana fedha za kutibu mtoto wa jicho hupatikana pale panapokuwa na watu wenye bidii ya kuzihesabu sawasawa.